Namna ya Kurudi kwa Mungu Upesi Unapoanguka Tena katika Dhambi Ileile

Mwongozo huu ni kwa Mkristo ambaye amekwisha kuipokea imani kwa moyo wake wote, na hata hivyo anajikuta, mwaka baada ya mwaka, akitenda jambo lilelile aliloapa kuliacha. Huenda ni hasira anayowamwagia watoto, huenda ni uongo wa biashara, huenda ni picha anazozitazama kwenye simu usiku nyumba ikiwa imelala, huenda ni pombe, au wivu, au chuki dhidi ya ndugu wa tumbo moja. Nitakachoeleza ni namna ya kufupisha muda ulio kati ya kuanguka na kurudi. Kwa jinsi nilivyoona kwangu na kwa wenzangu wa ushirika, sehemu kubwa ya uharibifu hutokea katika majuma na miezi inayofuata kuanguka, mtu anapokaa mbali na Mungu akingoja kwanza astahili ndipo arudi.

Nianze na la kwangu. Ninafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Msimu mmoja wa masika nilipokea mzigo kutoka visiwani ambao mvua ilikuwa imeukuta ungali kwenye vichanja. Dagaa walionyeshewa hupoteza ule mng'ao wao wa fedha, huwa na rangi ya udongo, vichwa hukatika ukiwashika, na bei yao hushuka mpaka ile ya chakula cha kuku. Nilijaza magunia matatu kwa dagaa hao, juu nikatandaza tabaka la dagaa weupe wanaong'aa lenye unene wa kiganja kimoja, nikashona midomo ya magunia kwa sindano kubwa na kamba, kisha nikamwuzia mama mmoja kutoka Kahama ambaye aliniamini kiasi kwamba hakuingiza hata mkono. Ilikuwa mara ya tatu kufanya hivyo katika maisha yangu, na baada ya mara ya pili nilikuwa nimemwahidi Mungu kwa machozi kwamba sitarudia.

Jumapili iliyofuata niliimba kwaya kama kawaida, lakini kuanzia jioni ile nikaacha kuomba. Nilijiambia kwamba nitarudi nitakapokuwa nimetengemaa, na kwamba ni aibu kumwendea Mungu na ombi lilelile kwa midomo ileile iliyomdanganya. Muda huo ulichukua karibu miezi miwili. Ndani yake niliuza magunia mengine mawili kwa njia hiyohiyo, kwa hoja kwamba nilikuwa nimekwisha kuchafuka. Nikawa mkali nyumbani mpaka mtoto wangu wa mwisho akawa ananyamaza ninapoingia mlangoni. Nikaacha kwenda kwenye jumuiya za nyumbani nikisingizia mzigo. Magunia yale matatu yalikuwa dhambi moja. Miezi miwili ya kujificha ilizaa nyingine ambazo siwezi kuzihesabu.

Elewa kwanza hali uliyo nayo

Watu wengi huchelewa kurudi kwa sababu wanaamini kwamba vita vyenyewe ni uthibitisho kuwa hawajaokoka. Kwa hiyo, kabla hujaanguka tena, kaa chini usome kwa utulivu sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi, kuanzia mstari wa 14 hadi mwisho, na usiishie hapo bali uingie moja kwa moja katika sura ya 8, maana mgawanyo wa sura uliwekwa baadaye sana na Paulo hakuandika akikusudia msomaji apumzike hapo. Utamsikia mtume akisema kwamba lile jema alipendalo halitendi, na lile baya asilolipenda ndilo alitendalo; utamsikia akilia, "Ole wangu, maskini mimi!" na kuuliza ni nani atakayemwokoa, na mara baada ya kumshukuru Mungu kwa Yesu Kristo, utamsikia akitangaza kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.

Ni haki kusema kwamba wafasiri hawajawahi kukubaliana kabisa kama hapo Paulo anasema habari zake akiwa mwamini au anaeleza hali ya mtu aliye chini ya sheria tu. Askofu Augustino wa Hippo, aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, hapo mwanzo alidhani ni mtu asiye chini ya neema, na katika miaka yake ya baadaye akageuka na kushikilia kwamba ni mtume mwenyewe, mwamini kamili, anayelia hivyo. Mimi naona Augustino wa uzeeni alikuwa sahihi, lakini hata asiyekubali hilo bado anabaki na Wagalatia 5:17, ambapo wasomaji ni Wakristo bila shaka yoyote, nao wanaambiwa kwamba mwili na Roho vinashindana ndani yao. Mahali ambapo Roho hayupo hakuna mashindano. Mtu hutenda apendavyo na kulala usingizi mzuri.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna mfano ambao umenisaidia kuliko mahubiri mengi. Magugu maji yalianza kuonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yalifunga myalo mizima hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Watu waliyang'oa kwa mikono, na wadudu maalumu wanaoyala wakaachiliwa ziwani, na eneo lililofunikwa likapungua sana. Hata hivyo mbegu zake hukaa hai ndani ya tope kwa miaka mingi, na maji yakipata rutuba ya kutosha kutoka mashambani na mitaroni, huchipua tena mahali palipokuwa peupe kabisa. Anayeishi mwaloni haoni majani machache ya kijani asubuhi akahitimisha kwamba kazi yote ya zamani ilikuwa bure, wala hasemi kwa kuwa yamerudi basi yaachwe. Anaingia majini akayang'oa yangali machache. Mkristo naye akiona chipukizi la dhambi ya zamani, afanye hivyohivyo, tena siku hiyohiyo.

Saa ya kwanza baada ya kuanguka

Hapa ndipo pa kutilia mkazo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mambo mengi huamuliwa katika saa hiyo.

Omba hapohapo ulipo. Usingoje ufike nyumbani, usingoje ibada ya Jumapili, wala usingoje moyo utulie. Ikiwa umetoka kumtukana mkeo na umepanda daladala kwenda Igoma, omba ndani ya daladala. Ikiwa uko kwenye kivuko cha Kamanga, omba ukiwa umeshika reli na kutazama maji. Sala ya mtoza ushuru katika Luka 18 ina maneno machache mno, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na Yesu alisema kwamba mtu huyo alishuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki. Hakusema kwamba alihesabiwa haki baada ya miezi sita ya mwenendo mzuri.

Kisha itaje dhambi kwa jina lake. Lugha yetu ina maneno mengi ya kuifunika: tunasema tumeteleza, tumepitiwa, shetani ametupitia, binadamu hatukamiliki. Maneno hayo yana mahali pake, lakini mahali pake si kwenye toba. Kwa miezi ile miwili, mara chache nilipojaribu kuomba, nilikuwa nikisema, "Bwana, unisamehe mapungufu yangu," na sikupata amani yoyote, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kupokea msamaha wa kitu ambacho hajakitaja. Siku niliposema, "Bwana, nimemwibia mama wa Kahama, nimemwuzia chakula cha kuku kwa bei ya chakula cha watu, na nilifanya hivyo nikijua," ndipo nililia, na ndipo palipoanza kupambazuka. Daudi katika Zaburi ya 32 anaeleza kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, na kwamba nafuu ilikuja alipoacha kuuficha upotovu wake.

Baada ya kuitaja, usitoe ahadi kubwa. Najua hili linaweza kuonekana kama ushauri mbaya, kwa kuwa tumezoeshwa kwamba toba ya kweli ni kuapa, na kuacha dhambi ni sehemu ya toba kweli. Lakini kiapo cha mtu aliyetoka kuanguka, mara nyingi, ni njia ya kurudisha tumaini lake kwenye nguvu zake mwenyewe, zilezile zilizomwangusha saa moja iliyopita, na kinapovunjika humwongezea sababu ya kujificha. Mahali pa kiapo weka ombi: mwombe Mungu moyo safi kama Daudi alivyoomba katika Zaburi ya 51, ambaye hakusema kwamba atajiumbia moyo huo mwenyewe. Ukitaka kuweka nia, iwe ya leo na iwe ndogo kiasi cha kuonekana kwa macho: leo nitalala simu ikiwa sebuleni, leo nitamwomba mwanangu radhi kabla hajalala.

Usijitoze faini pia. Kuna watu wakianguka hujinyima chakula siku tatu, au hujizuia kuimba, au hutoa sadaka kubwa kuliko kawaida, na ndani yao wanajua kwamba wanalipa. Kufunga ni jambo jema na la kale katika Kanisa, nami nafunga. Lakini kufunga kama malipo ni kusema kwamba kilicholipwa msalabani kilipungua kidogo nawe unakimalizia. Waraka wa Kwanza wa Yohana 1:9 unasema kwamba tukiziungama dhambi zetu, Mungu ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Zingatia neno haki. Tungetarajia aseme ni mwenye huruma, na kweli ni mwenye huruma, lakini hapa panatajwa haki, kwa sababu deni ambalo Kristo amekwisha kulilipa haliwezi kudaiwa mara ya pili kwa mdeni. Usome mstari huo kwa sauti, masikio yako yausikie, hasa siku ambayo moyo wako haukubaliani nao.

Baada ya hapo jifunze kupambanua sauti mbili zitakazokujia. Roho Mtakatifu anapokukemea hutaja jambo mahususi, tena huonyesha mahali pa kwenda: ulimdanganya fulani, nenda kwake. Mshitaki, yaani Shetani, hutaja mtu mzima na kufunga kila mlango: wewe ni mnafiki, umekuwa hivi siku zote, watu wakikujua watakutemea mate. Paulo anatenganisha huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, ambayo huleta toba, na huzuni ya dunia, ambayo hufanya mauti. Petro na Yuda walianguka usiku mmoja na wote wawili walijuta kwa uchungu. Yuda aliipeleka huzuni yake kwa makuhani, ambao walimjibu kwamba hilo halikuwahusu, kisha akaenda nayo peke yake. Petro alilia lakini alibaki karibu na wenzake, na siku ya tatu alikuwa mahali ambapo habari za kaburi tupu zingemfikia. Ikiwa sauti unayoisikia inakupeleka mbali na Mungu na mbali na watu, hata ikitumia mistari ya Biblia, usiitii.

Huenda ukafanya yote haya na bado usijisikie kusamehewa. Jambo hilo huwatesa sana waaminifu, nami nawaonea huruma, maana nimekaa humo. Hisia huchelewa, na mtu aliyezoea aibu miaka ishirini hawezi kuizoea amani kwa dakika ishirini. Endelea na kazi zako za siku kama mtu aliyesamehewa: fua nguo, pika, fungua duka, salimia majirani. Hisia zitakukuta njiani.

Mtu atauliza kama mafundisho haya hayampi mtu leseni ya kutenda dhambi, na Paulo aliulizwa swali hilohilo, akajibu "Hasha!" Nami ningemjibu muulizaji kwa yale niliyoyaona: ule muda wa kujificha ndio ulionipa leseni ya kuuza magunia mawili ya nyongeza. Kurudi upesi kulininyima leseni hiyo, kwa sababu ni vigumu sana kumwibia mtu saa tisa alasiri ukiwa umezungumza na Mungu kuhusu wizi uleule saa sita mchana. Tito 2:11 na 12 inasema kwamba neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Ni mwalimu, na mwanafunzi anayemkimbia mwalimu wake hajifunzi kitu.

Kurudisha kilichochukuliwa

Zakayo alipotangaza kwamba atarudisha mara nne, Yesu alikuwa tayari amekwisha kumwita kwa jina na kuingia nyumbani kwake. Mpangilio huo una maana. Hurudishi ili usamehewe; unarudisha kwa kuwa umesamehewa, na kwa kuwa aliyedhulumiwa bado ana hasara mkononi.

Nilimpigia simu mama wa Kahama jioni moja nikiwa nimekaa juu ya gunia tupu, mikono ikitetemeka kiasi kwamba nilikosea namba mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilipojitaja akanyamaza. Nikamweleza yote, sikusema mvua, sikusema mpakiaji, nikasema ni mimi niliyepanga vile. Akakaa kimya tena, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilijua tangu siku ile nilipofungua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimezoea kuchukua mzigo kwako kwa mkopo, na sikuwa na kwingine pa kwenda. Ada ya mtoto ya muhula ule ilikaa mpaka nikauza mbuzi."

Nilimtumia fedha zake kwa simu kwa awamu mbili. Alinishukuru, akasema amenisamehe, na hakununua tena dagaa kwangu. Nilitamani sana arudi, lakini hilo halikuwa haki yangu kudai. Anayesamehe halazimiki kukuamini upya kwa tarehe unayoitaka wewe, na anayetubu akianza kudai kuaminiwa, toba yake imekuwa biashara nyingine.

Kuna makosa ambayo kuyaungama kwa aliyekosewa kunahitaji hekima, kama vile uzinzi, au jambo ambalo likitajwa kwa pupa litamwangamiza mtu wa tatu asiye na hatia. Hayo yapeleke kwanza kwa mchungaji, padri au mshauri mkomavu, mpange pamoja namna na wakati. Lakini usiutumie mstari huu kama mahali pa kujificha. Na ikiwa wewe ndiwe unayepigwa au kudhulumiwa na mtu anayesema kila Jumatatu kwamba ametubu, fahamu kwamba mwongozo huu haukutaki uendelee kukaa chini ya ngumi zake. Kaa mahali salama. Toba yake aifanye ukiwa huko.

Tafuta mlango dhambi inamoingilia

Dhambi inayojirudia huwa na saa zake na mahali pake. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kuliko watu wote. Kazi yao hufanywa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta dagaa juu ya maji, na mbalamwezi inapokuwa kubwa hawatoki. Siku hizo za kukaa, kambini visiwani, mtu akiwa na fedha za mzunguko uliopita mfukoni, mbali na mke na watoto, bila kazi ya mikono, ndizo zinazowaangusha wengi katika pombe na uasherati. Mvuvi mmoja wa kanisani kwetu aliniambia kwamba aliomba ushindi kwa miaka mingi bila kuangalia mwezi. Siku hizi, siku mbili kabla ya mbalamwezi, hutuma fedha zote nyumbani kwa simu, akajibakizia ya chakula, na hupanda boti kurudi kwa familia yake kila anapoweza. Hakuna muujiza ndani ya mpango huo unaoonekana kwa macho, lakini mimi nauita neema bila kusita. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na mlango wa kutokea, na mlango huo mara nyingi ni nauli ya boti.

Kwa majuma manne andika katika daftari dogo kila unapoanguka au kukaribia kuanguka: siku, saa, mahali, ulikuwa na nani, ulikuwa na njaa au uchovu, na jambo gani lilitangulia. Usiandike kwa ajili ya kujishitaki. Mimi nilipoandika niligundua kwamba karibu kila udanganyifu wangu ulitokea Jumatano, na marejesho ya mkopo wa kikundi chetu hulipwa Alhamisi. Nilikuwa nikiomba dhidi ya tamaa, kumbe kilichonisukuma ni hofu ya kusimama mbele ya akina mama wenzangu bila fedha. Nikapunguza mkopo, nikawaomba wanikubalie rejesho dogo kwa muda mrefu zaidi, jambo lililonidhalilisha na kuniponya kwa wakati mmoja. Tena nikaweka desturi ambayo naishika mpaka leo: sishoni gunia mpaka mnunuzi aingize mkono wake mpaka chini kabisa na kutoa dagaa wa kitakoni. Wengine huona nawapotezea muda. Nasubiri waingize mkono.

Mtu mmoja anayekujua

Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana dhambi na kuombeana ili tupate kuponywa. Mkatoliki ana sakramenti ya kitubio, na Mlutheri anayo ibada ya maungamo pamoja na nafasi ya kuungama kwa mchungaji wake faraghani, avitumie. Ukanda huu wa maziwa una urithi mwingine pia, ule wa uamsho ulioanza Rwanda na Uganda na kuenea katika miaka ya 1930 mpaka Bukoba na kwingineko, ambao watu wake walizoea kuketi pamoja, kuitaja dhambi ya juma hilo mbele ya wenzao, na kusifu damu ya Yesu. Waliuita utaratibu huo kutembea nuruni. Ulikuwa na hatari zake, maana maungamo ya hadhara yanaweza kugeuka maonyesho au umbeya, lakini walielewa jambo ambalo sisi wa leo, wenye makanisa makubwa na vipaza sauti vya nguvu, tunalisahau: dhambi hunenepa gizani.

Mchague mtu mmoja, wa jinsia yako, aliyekutangulia katika imani, ambaye hujawahi kumsikia akikusimulia siri ya mtu mwingine. Kigezo hicho cha mwisho usikilegeze hata kidogo. Anayekuletea habari za wenzako atawapelekea na zako. Mimi nilimwendea bibi mjane wa ushirika wetu anayeishi Mabatini, juu kabisa kwenye mawe, ambako unafika ukiwa huna pumzi ya kujitetea. Alinisikiliza akichambua mchele kwenye ungo. Nilipomaliza hakushtuka, hakunipa mistari kumi, aliuliza tu, "Leo umekwisha kuomba, au unangoja uwe msafi?" Nikasema nangoja. Akaweka ungo chini, akanishika mkono, tukaomba palepale. Tangu siku hiyo hunipigia simu jioni ya Jumatano na kuniuliza, "Mwanangu, magunia yapoje?" na mimi hulazimika kujibu.

Ikiwa kinachokufunga ni pombe au dawa za kulevya, au ikiwa huzuni imekuwa nzito mpaka unafikiri kujidhuru, mwambie mtu huyo leo, na mwende pamoja hospitalini. Mungu anayesamehe ndiye aliyewapa madaktari ujuzi wao, na kumeza dawa si upungufu wa imani.

Usiikimbie Meza ya Bwana

Nimeona watu wakibaki kwenye viti vyao mwaka mzima wakati wenzao wanapokwenda kushiriki, wakidhani kwamba wanaiheshimu. Paulo anamwagiza mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Kujihoji kunakusudiwa kumfikisha mezani. Fuata utaratibu wa kanisa lako, kwa maana Mkatoliki mwenye dhambi ya mauti atapitia kwanza kwenye kitubio, na baadhi ya makanisa yana taratibu za nidhamu ambazo ni vyema kuzitii. Lakini taratibu hizo zifuate juma hilihili, usizigeuze kuwa sababu ya kukaa nje.

Dhambi ile inapokurudia mwaka wa kumi

Huenda ikarudi. Martin Luther, katika hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za mwaka 1517, alisema kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe toba, na mwanzoni maneno hayo yalinikatisha tamaa, kwa kuwa nilitaka toba iwe mlango nilioupita zamani. Siku hizi yananituliza. Naangalia mambo mengine: kama miezi miwili imekuwa siku mbili, na siku mbili zimekuwa saa moja, kama namtaja niliyemkosea kwa jina lake, kama nawahukumu wenzangu kwa upole zaidi kuliko zamani, kama mtoto wangu wa mwisho ananyamaza au anaendelea kuongea ninapoingia mlangoni.

Katika juma baya zaidi, soma Yohana 21 polepole. Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu, na Injili hiyohiyo inasema kwamba alipofika pwani ya ziwa alikuta moto wa makaa umewashwa. Kwetu sisi wa mwaloni mandhari hayo hayahitaji kufafanuliwa: alfajiri, wavuvi waliokesha bila kupata kitu, nyavu zilizojaa ghafla, moshi, samaki juu ya makaa, mkate. Petro aliposikia kwamba ni Bwana hakungoja mashua ifike wala hakuuliza kama ameitwa. Alijifunga vazi lake akajitupa majini, umbali wa kama dhiraa mia mbili, akawaacha wenzake wakiburuta jarife lenye samaki 153. Alifika akiwa ameloa, hajaomba radhi bado, hajajibu swali lolote kati ya yale matatu atakayoulizwa, na Bwana aliyemkana alikuwa amekwisha kumwandalia chakula.